Uzi wa Narnia: anzeni na kabati la nguo, msianze na zile pete

BintiMzizima

Wakuu habari za jioni. Kila mtu akija hapa kuuliza mtoto wake asome nini, Narnia lazima itajwe, halafu anapewa ushauri wa kumharibia utamu wote, anaambiwa fuata namba zilizoandikwa mgongoni mwa kitabu. Hili jambo linanikera kwa muda mrefu, leo naliandika lote, mwenye chai yake aandae.

Narnia ni dunia ya kubuni, na vitabu vyake viko saba. Mwandishi C.S. Lewis, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa anafundisha Oxford, na vimetoka kimoja kila mwaka kuanzia 1950 mpaka 1956. Cha kwanza kutoka ni The Lion, the Witch and the Wardrobe, hicho ndo cha kabati. The Magician's Nephew kimekuja 1955, ni cha sita, na ndo kinaelezea Narnia ilivyoumbwa, na kwa kuwa kinaelezea mwanzo wa ile dunia basi mwaka 1994 HarperCollins walipotoa seti upya wakakipa namba moja. Balaa limeanzia hapo. Saivi ukinunua seti mpya, au lile buku moja nene lenye vyote saba ndani, unakutana na pete za njano na za kijani na msitu wa madimbwi kabla hata hujaijua Narnia yenyewe ni kitu gani.

Sasa sikilizeni kwanini nasema hivo. Kwenye kitabu cha kabati, Lucy ni mtoto mdogo kuliko wote wanne, wamepelekwa kijijini kwa profesa mmoja mzee kwa sababu London inapigwa mabomu. Mvua inanyesha, wanacheza ndani, anafungua kabati la makoti, vidonge viwili vya naftalini vinadondoka. Anaingia, anapapasa makoti ya manyoya, anategemea kugusa ubao wa nyuma, haugusi. Anasogea tena. Chini kuna kitu kinaparuza miguuni, anadhani naftalini, anainama anagusa, kumbe cha unga unga na kina baridi. Halafu manyoya ya makoti yanageuka kuwa matawi yanayochoma mikono. Mbele kuna taa. Nguzo ya taa ya barabarani, katikati ya msitu, usiku, theluji inaanguka, hakuna barabara wala nyumba.

Ile nguzo imefikaje pale? Hujui. Lucy hajui. Unakaa na hilo swali vitabu vitano, mpaka unafika cha sita unakuta jibu lake na unaruka kwenye kiti. Aliyeanza na cha sita nguzo anaijua tayari, kabati lenyewe analijua limetoka kwenye mti gani, profesa anamjua ni nani, kwa hiyo anaingia kabatini na Lucy huku majibu yote anayo mfukoni, cha kushangaa hana.

Na ushahidi umo humo humo kwenye maandishi. Jina la Aslan, yule simba wa Narnia, linapotajwa mara ya kwanza, mwandishi anamgeukia msomaji anamwambia hao watoto hawakumjua Aslan ni nani, kama ambavyo na wewe humjui. Hiyo sentensi inakuwa ya uongo kabisa ukianza na Magician's Nephew maana mle Aslan umeshamwona anaiimba dunia mpaka inatokea.

Mimi nawasomea watoto wa kaka yangu, mkubwa yuko darasa la sita mdogo la tatu, tunakaa Temeke. Nasoma ukurasa kimya kwa Kiingereza kisha nawasimulia kwa Kiswahili. Sura ni fupi, kitabu cha kabati kina sura 17, jioni moja sura moja inatosha. Kazi ilikuwa theluji. Nikawapeleka kwa jirani anayeuza barafu za ubuyu, akawafungulia friza, wakakwangua ule weupe wa ukutani, wakaushika mpaka vidole vikafa ganzi. Mdogo akaniuliza kwa hiyo msitu mzima uko hivi? Nikamwambia msitu mzima, miaka na miaka, na Krismasi haifiki, yote kwa uchawi wa yule mchawi anayeitawala Narnia. Akasema huyo mchawi ni mbaya sana.

kijana_wa_Gongolamboto

Dada uzi mzuri ila nakupinga. Lewis mwenyewe alishaandika barua kwa mtoto wa Kimarekani mwaka 1957, yule mtoto alikuwa anabishana na mama yake kuhusu mpangilio, mama anataka kama vilivyotoka, mtoto anataka kwa kufuata historia ya Narnia, na Lewis akamwambia yeye anakubaliana zaidi na mtoto kuliko mama. Mwandishi kasema, sisi ni nani?

BintiMzizima

Mdogo wangu, hiyo barua ipo kweli na umeieleza sawa, ila umeikata. Mbele yake anasema vile vitabu hakuvipanga tangu mwanzo, alipoandika cha kabati hakujua kama kuna kingine kitafuata, na anamalizia kwamba labda mpangilio wa kusoma hata hauna uzito sana. Ni mzee mwema anamjibu mtoto kwa upole, na yule mtoto alikuwa ameshavisoma, anapanga namna ya kuvirudia. Kurudia, rudia unavyotaka. Mimi nazungumzia mara ya kwanza, maana mara ya kwanza mtu anapewa moja tu.

Halafu hata kuandikwa kwenyewe havikufuata historia. Kile cha farasi, The Horse and His Boy, alikiandika kabla ya The Silver Chair ila kikatoka baada yake. Na Magician's Nephew ndo cha mwisho kabisa kukikamilisha, alishamaliza hata The Last Battle. Kilimsumbua. Ukikisoma utaelewa kwanini. Digory mama yake anaumwa anakaribia kufa na mtoto anatafuta dawa dunia zote. Lewis mama yake alikufa kwa kansa mwaka 1908, yeye ana miaka 9. Kwenye kitabu tofaa linaletwa, mama anakula, analala usingizi wa kweli, anapona. Mi nikifika hapo sauti inakatika, nampa mkubwa aendelee.

Mzee wa Magazeti

Binti shikamoo hupewi wewe, unatoa wewe, lakini leo nakupongeza. Nisaidie kitu kimoja. Huyo mtoto Edmund, kaka yake Lucy, kuwauza ndugu zake kwa mchawi kwa peremende, mjukuu wangu kakataa, anasema haiwezekani mtu auze dada yake kwa pipi, duka liko hapo nje.

BintiMzizima

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu wako hana kosa, yeye kazaliwa pipi iko kila kibanda. Mwambie kitabu kimetoka 1950 na Uingereza peremende zilikuwa bado za mgao tangu wakati wa vita, mgao wa peremende umeondolewa Februari 1953, na sukari yenyewe imekuja kuachiwa Septemba mwaka huo huo. Watoto waliokisoma wakati huo walikuwa na kadi, kipimo chao cha wiki kikiisha kimeisha. Sasa mtoto wa namna hiyo anakutana na yule mchawi anayejiita malkia kwenye kigari cha theluji anampa boksi zima la zile peremende laini za Kituruki, ale peke yake, asigawane. Na zilikuwa zimerogwa, kila ukila unataka zingine.

Mzee wa Magazeti

Ahaa. Hapo umenigusa. Sisi baada ya vita vya Kagera, miaka ya 80 mwanzoni, sukari ilikuwa foleni, unaamka alfajiri unapanga mstari duka la ushirika hujui kama itakufikia. Kumwekea mtoto wa wakati ule kilo ya sukari mezani ukamwambia yako yote, sijui angefanya nini. Nitamweleza mjukuu hivo hivo.

mama_wawili

Samahani jamani naomba niulize na msinishambulie. Mi ni Muislamu, nimesikia hivi vitabu ni vya dini ya Kikristo na yule simba ndo Yesu. Halafu nikasikia kuna nchi humo ya watu wabaya wana vilemba na majambia na ngozi nyeusi. Niwape wanangu kweli?

BintiMzizima

Dada yangu na mimi Muislamu, kwa hiyo nakujibu kama najijibu mwenyewe.

La kwanza, ni kweli. Lewis ujanani alikuwa hamuamini Mungu, akaja kurudi kwenye Ukristo 1931, na akaandika sana kuutetea. Simba anakufa kwa ajili ya kosa la Edmund kisha anarudi, mtu mzima anaona moja kwa moja imetoka wapi. Mwenyewe alieleza kwamba hakukaa akapanga mahubiri, ilianza na picha kichwani, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi kabeba mwavuli na vifurushi msituni kwenye theluji, picha aliyokuwa nayo tangu ana miaka kama 16. Wangu nimewaambia waziwazi, huyu bwana alikuwa Mkristo na imani yake imo humu, sisi tunasikiliza hadithi yake. Hapa Dar tunakaa nyumba moja ya kupanga na Wakristo, tunapelekeana pilau Idi na Krismasi, sijaona mtoto aliyepotea kwa sababu ya kusikia hadithi ya jirani.

La pili ndo zito na sitaki kulipaka sukari. Hiyo nchi inaitwa Calormen, iko kusini kuvuka jangwa, na yale mavazi, vilemba, panga zilizopinda, nyuso nyeusi, yamechukuliwa kutoka picha za Waingereza kuhusu nchi za Mashariki na Waislamu. Kuna sehemu za The Last Battle vibeti wanawatukana watu wa Calormen kwa rangi ya ngozi. Mi yale matusi siyasomi kwa sauti, nasimamisha kitabu nawaambia hapa mwandishi kaandika jambo baya. Mkubwa kaniuliza kwa hiyo sisi tungekuwa upande ule? Nikamwambia ukivaa kama babu yako Ijumaa, ndio, kwa macho ya huyu mwandishi ungekuwa upande ule. Alikasirika, na mi nikamuacha akasirike, haki yake.

Lakini usiishie hapo maana kitabu kina mengi. Aravis wa kwenye kitabu cha farasi anatoka huko huko Calormen, baba yake anataka kumwozesha kizee chenye vyeo, anatoroka na farasi wake usiku. Ni jasiri kuliko wavulana wote wa vitabu saba, hayo ni maoni yangu na sibadiliki. Binti wa darasa la sita wa nchi hii haitaji maelezo marefu kuhusu mtoto kuozeshwa mzee. Na Aravis anaanza kusimulia yaliyomkuta, mwandishi anasema Calormen kusimulia hadithi ni jambo linalofundishwa, kama watoto wa Uingereza wanavyofundishwa insha, tofauti ni kwamba hadithi watu wanataka kuzisikia, insha hajawahi kusikia mtu anayetaka kuisoma. Wangu walipiga makofi. Na mwishoni kabisa yupo askari kijana wa Calormen, Emeth, maisha yake yote kamwabudu mungu mwingine kwa moyo safi, na Aslan anampokea. Kuna Wakristo walimkasirikia Lewis kwa hiyo sura. Mi naiona ndo sura bora ya kile kitabu.

mama_wawili

Ahsante sana dada. Umenijibu kwa heshima. Nitasoma kwanza mwenyewe kisha niamue.

BintiMzizima

Hivo hivo. Soma mwenyewe.

fundi_mitambo

Mtu mzima unakaa na vitabu vya watoto kwanini? Na kwanini vya wazungu, Shaaban Robert yupo.

BintiMzizima

Shaaban Robert yupo, na ndo maana baada ya kabati tulisoma Adili na Nduguze kabla ya kuendelea. Kimetoka 1952, mwaka ule ule iliotoka The Voyage of the Dawn Treader. Viweke pamoja uone. Huku kuna mji watu wamegeuka mawe, kule kwenye kitabu cha kabati mchawi ana uwanja umejaa viumbe aliowageuza mawe. Huku ndugu wawili wanamtosa ndugu yao baharini kwa wivu wanageuzwa manyani, kule kwenye Dawn Treader mtoto Eustace analala juu ya hazina ya joka na roho ya choyo anaamka kawa joka mwenyewe. Watoto waliuona huo undugu wenyewe, mdogo ndo kasema. Mmoja kazaliwa karibu na Tanga 1909, mwingine Belfast 1898, wamefariki wamepishana mwaka, 1962 na 1963. Mtoto akisoma wote wawili hapungukiwi kitu, na mimi sitamchagulia mmoja.

Kuhusu utu uzima, Lewis kile cha kwanza alimwandikia Lucy Barfield, binti aliyemsimamia ubatizo, akamwambia wasichana wanakua haraka kuliko vitabu, kwa hiyo kufikia kitabu kinachapwa ameshakuwa mkubwa mno kwa hadithi hizi, ila ipo siku atakua vya kutosha kuanza kuzisoma tena. Mi nimefika hiyo siku.

kijana_wa_Gongolamboto

Na Susan je, dada yake Lucy, kwenye The Last Battle? Mi pale ndo nilipomvunjia Lewis heshima. Wenzake wote wanafika, yeye anaachwa nje kwa sababu ya lipustiki na soksi ndefu.

BintiMzizima

Jamani tahadhari kwa ambao hawajamaliza, rukeni hili.

Pale na mimi naumia. Peter, kaka yao mkubwa, anasema dada yake si rafiki wa Narnia tena, mwingine anasema siku hizi ni lipustiki na mialiko tu, basi, kitabu kinaendelea kama vile hajawahi kupiga upinde. Na fikiria, ndugu zake wote na wazazi wamekufa siku moja kwenye ajali ya treni, yeye yuko hai peke yake Uingereza, na hakuna anayemlilia. Watoto wakimwandikia Lewis kuuliza alikuwa anawajibu kwamba Susan hajafa, ana muda wa kutosha wa kubadilika, huenda atafika kwa njia yake. Sawa, lakini hilo liko kwenye barua, kitabuni halimo, na msomaji wa darasa la tatu hana barua. Hapo alipaswa kuandika kurasa mbili zaidi.

Ila usimvunjie heshima yote. Rudi kwenye The Silver Chair. Wako chini ya ardhi, malkia mchawi amerusha unga kwenye moto, harufu tamu imejaa chumba, anapiga kinanda cha nyuzi polepole na anawaambia hakuna jua. Mmeona taa hii, mkatamani taa kubwa zaidi, mkaiita jua. Mmeona paka mkatamani paka mkubwa mkamwita simba. Na watoto wanaanza kurudia, hakuna jua, hakuna jua. Wangu hapa walikuwa wamesogea wamekamata kanga yangu. Ndipo Puddleglum, yule mrefu wa mabwawani anayelalamika tangu sura anayoingia, anakwenda anaukanyaga moto kwa mguu wake mtupu. Unaungua. Harufu ya mguu ulioungua inaondoa ile harufu tamu, na maumivu yanamrudishia akili. Kisha anamwambia malkia, tuseme uko sahihi, tumeyabuni yote, miti na nyasi na jua na Aslan mwenyewe, basi vya kubuni vyetu vinaishinda mbali dunia yako ya kweli, na mimi nitaishi kama mtu wa Narnia hata kama Narnia haipo. Hayo maneno kapewa mtu aliyelia lia kitabu kizima. Sijui mwandishi wa watoto aliyewahi kufika pale.

Mzee wa Magazeti

Binti vinapatikana wapi? Mjukuu anataka.

BintiMzizima

Mzee pita Posta kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini, uliza kwa jina Narnia, vinakuja kimoja kimoja na ndo nilivyokusanya vyangu, vyenye michoro ya Pauline Baynes ndani ukipata chukua hapo hapo. Angalia pia Maktaba Kuu pale Bibi Titi. Lile buku moja kubwa si baya, ila likiingia nyumbani ruka hadithi ya kwanza nenda ya pili, ya kwanza mtairudia mkikaribia mwisho.

mkaka_wa_Mbagala

Nimetoka Posta leo nimekuta kimoja tu, kile cha farasi, vingine hana. Niwaanzishie wadogo zangu au nisubiri cha kabati? Wanne hawa, wa kwanza ana miaka 12.

BintiMzizima

Umebahatika, hicho ndo pekee kinachosimama chenyewe. Kinatokea ndani ya miaka ambayo wale watoto wanne wa kabati ni wafalme na malkia, utakutana nao kwa mbali, waambie wadogo zako hao ni wakubwa wa Narnia tutawajua vizuri baadaye, inatosha. Usiwaambie wamefikaje Narnia hata wakikubana. Yale ya Calormen niliyomjibu mama_wawili yasome kwanza ili yasikukute ghafla mbele ya watoto, na wa miaka 12 muache aulize. Anza leo sura ya kwanza, mvuvi anauza mtoto aliyemlea na mtoto anasikiliza kupitia ufa wa ukuta, kisha anakwenda bandani anamwambia farasi natamani ungekuwa unaongea. Farasi anamjibu. Funga kitabu hapo hapo, sehemu iliyobaki ya ile sura waache waidai kesho.